Baba, usininunulie kamera

Mwanangu,

Ujumbe wako niliukuta Jumapili nikitoka kanisani. Umeniuliza: "Mama, tangu ustaafu unapiga picha maua yale yale ya kihambani, hapo shambani nyumbani. Huchoki? Nikununulie kamera ya maana, nikupeleke hifadhi ya Kitulo ukapige maua ya kweli?"

Asante, baba. Ila hayo "maua ya kweli" yamenichekesha mpaka jirani akauliza kuna nini.

Kahawa hii ya nyuma ya jiko nimeichuma tangu nilipoolewa hapa Kibosho. Nimeikatia matawi, nimeibebea samadi kichwani, na ada zako zimetoka humo. Lakini zamani ungeniuliza ua la mbuni lina petali ngapi, nisingejua. Baba yako akiona matawi yamekuwa meupe alikuwa anahesabu madebe, na mimi nahesabu madeni. Hakuna aliyeinama kutazama.

Lina petali tano, nyembamba kama ncha ya kalamu, na vijiti vitano vya chavua vimesimama kwenye mianya kati ya petali na petali. Nimeliona kwenye simu, nikiwa nimepiga magoti kwenye majani makavu ya migomba. Na haliweki miadi na mtu. Mbuni unakaa na vichomozo vyake vimefumba wakati wote wa kiangazi. Mvua ikishanyesha ya kutosha, hesabu kama wiki moja na siku kidogo, unaamka asubuhi unakuta tawi zima jeupe na harufu ya asumini imejaa mpaka bandani kwa ng'ombe. Siku ya tatu yameshaanza kuwa ya kahawia. Miaka yote hiyo nilikuwa napita hapo na ndoo.

Mwaka wa kwanza niliharibu picha zote. Nilipiga saa sita mchana, jua limewaka, nikapata mabaka meupe tu. Sasa natoka saa moja asubuhi, kabla upepo haujaanza kuchezea matawi. Lile wingu la Julai ambalo kila mtu wa Moshi analilalamikia, mimi nalipenda kuliko jua, maana linatandaza mwanga taratibu na weupe hauungui. Nagusa ua kwenye kioo, kinatokea kijua kidogo pembeni, nakishusha kidogo ili mwanga upungue. Sisogei karibu kupita kiasi, simu hii inaona ukungu. Narudi nyuma shubiri moja, kisha nakata kingo baadaye. Nyuma ya tawi natundika ile kanga yangu nyeusi ya msiba wa bibi yako. Najua utasema kanga ya msiba! Bibi mwenyewe angecheka.

Simu niliidondosha kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, mwezi wa tano, nikirudi nyuma bila kuangalia. Fundi wa mjini alinitoza hela nyingi, akairudisha ikiwa vile vile. Nikaizika kwenye mchele siku mbili, ikawaka yenyewe. Basi.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni masale. Wewe unayajua kama mpaka wa kihamba, na kama jani la kufunga fundo ukienda kuomba msamaha kwa mtu. Mimi nilidhani hayatoi maua kabisa. Kumbe hutoa, si kila mwaka, na hufunguka usiku! Nilinusa harufu tamu nikienda kufunga kuku, nikafuata na tochi. Shada refu limeinama, vipira vya maua meupe yenye wekundu kwa mbali, na nondo wamelizunguka. Ukimulika tochi mbele, ua linakuwa bapa kama karatasi. Nikamwita mtoto wa jirani ashike tochi kwa ubavuni, ndipo kila ua likapata kivuli chake. Asubuhi nikarudi, yale ya jana yalikuwa yamenywea.

Kitulo nitakwenda, nisikudanganye. Wanaiita Bustani ya Mungu, na ina aina 45 za okidi; nani asiyetaka kuziona? Ila kule nitakuwa mgeni wa siku mbili, nitapiga nilichokikuta. Hapa najua kwamba mbuni wa karibu na bomba huwa wa kwanza kuchanua, na kwamba ndege chozi huja kwenye ua la mgomba pale jua linapofika kwenye bati la jiko. Hayo hayapatikani kwa kamera ya milioni mbili.

Kama hela inakuwasha, weka nauli. Vuli ikishika nitakupigia siku ya mvua kubwa ya kwanza. Wewe omba ruhusa kazini mapema, maana nikikupigia mara ya pili itakuwa yamechanua, na hapo upande basi la usiku huo huo. Ukichelewa siku mbili utanikuta nafagia.

Mama yako