Mvua, Begi Mgongoni na Rafiki Asiyetaka Kusubiri

Mwezi huu nimechagua barua mbili, zote za Australia, zote za watu wawili wanaosafiri pamoja na hali ya hewa imewakalia vibaya. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana yamenikuta mwenyewe.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi hapa Brisbane, mwaka wa pili. Rafiki yangu niliyesoma nae sekondari anakuja mwezi wa pili, ana likizo ya siku 16 tu, na tumepanga tubebe mabegi yetu mgongoni tupande na basi mpaka Cairns, njiani tushuke Airlie Beach, Townsville na Mission Beach, alafu turudi Brisbane na ndege siku moja kabla hajaondoka. Sasa watu wa huku wananiambia mwezi wa pili kule juu ni mvua na vimbunga, barabara zinafungwa. Nikimwambia rafiki yangu anasema mvua tumezaliwa nayo, na tiketi keshakata haibadiliki. Naogopa tutagombana, alafu naogopa pia nisije nikamuharibia safari kwa uoga wangu. Tuende au tuahirishe?
Msomaji, Brisbane

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nendeni, ila msiende hivyo mlivyopanga.

Kwanza uoga wako una msingi, usiuonee aibu. Kaskazini ya Australia msimu wa mvua unaanza Novemba mpaka Aprili, na vimbunga vinahesabiwa miezi hiyo hiyo, februari iko katikati kabisa. Na rafiki yako nae hajakosea sana, mvua ya kule yenyewe ni ya joto, unaloa unakauka unaloa tena, hakuna anaeumwa kwa hilo. Kinachoharibu safari ni maji yakishafika chini. Milima iko karibu na bahari, mito ni mifupi na inashuka kwa kasi, na barabara kuu ya Bruce Highway inakatiza karibu mito yote hiyo kwa kilomita kama 1,700 kutoka Brisbane mpaka Cairns. Mto mmoja ukifurika basi lako limesimama, hata kama hapo ulipo jua linawaka. Februari 2025 daraja la Ollera Creek kati ya Townsville na Ingham lilibomoka kipande na barabara ikakatika. Desemba 2023, baada ya kimbunga Jasper, mpaka uwanja wa ndege wa Cairns uliingia maji, ndege zikawa zimesimama ndani ya ziwa. Kwahiyo hiyo ndege yenu ya kurudi siku moja kabla ya safari ya kwenda nyumbani ndio kitu kilichonishtua kuliko vyote kwenye barua yako.

Sasa nikusimulie. Mimi na rafiki yangu wa miaka mingi tulikwama Townsville mwezi huo huo wa pili, siku nne, barabara ya kwenda kaskazini imefungwa na yeye ana ndege ya kuwahi Cairns. Siku ya kwanza tulicheka, tukafua, tukalala. Ya pili tukaanza kununiana. Ya tatu asubuhi akaja kijana mmoja pale hosteli ana gari kuukuu akasema yeye anaondoka, maji yameshapungua, nani anataka lifti, na mwenzangu akaanza kufunga begi palepale bila hata kuniangalia. Nikaingia nae garini maana sikuwa tayari kumuacha aende peke yake. Tukaenda mpaka barabara inapoingia majini. Kule kila mahali panapofurika kuna nguzo nyeupe fupi imeandikwa namba za mita, 0.2, 0.4, 0.6, kwenda juu, ndio unasomea kina. Maji yalikuwa kwenye 0.2 na kitu, rangi ya chai ya maziwa, yametulia kabisa ukiyaangalia kwa juu, yani unaona kabisa kwamba hapa napita. Kijana akazima gari tushuke tupige picha. Tukiwa tumesimama pale likapita gogo, gogo zima na mizizi yake, linakwenda kwa kasi ya baiskeli, limekatiza barabara kutoka kushoto kwenda kulia bila kugusa lami, na hapo ndio nikajua chini ya yale maji kuna nguvu gani. Hatukuongea. Tukakaa pembeni kama saa moja hivi, na ile namba 0.4 ikawa haionekani tena, imezama. Tukageuza. Rafiki yangu alilia njia nzima ya kurudi, na mimi nilikuwa na hasira nae, na hasira zaidi na mimi mwenyewe kwa kukubali kupanda.

Tangu siku ile nina sharti moja na yeyote ninaesafiri nae na nakuomba mlikubaliane kabla hajapanda ndege ya kuja: anaesema tusimame ndio anasikilizwa. Hapigiwi kura, haombwi ushahidi, haambiwi muoga. Mkiwa wawili hakuna mtu wa tatu wa kuamua, kwahiyo lazima iwe imeshaamuliwa, na mkishakubaliana hivyo hata ugomvi unapungua maana hakuna anaeshinda. Maji barabarani hayahitaji kufika hata magotini kuchukua gari dogo, na wenyeji wanalijua hilo tangu shule ya msingi, ukiona wenyeji wamegeuza na nyie geuzeni.

Sasa mpango. Ugeuzeni kichwa chini: akitua tu Brisbane, mpumzike siku moja, alafu mpande ndege kwenda Cairns, safari ya basi iwe ya kushuka kusini. Hivi kila siku inayopita mnakaribia nyumbani kwako na kwenye ndege yake, na mnatoka kwenye mvua kubwa mnakwenda kwenye ndogo. Mkikwama mwanzoni bado mna siku za kurekebisha, ila ukikwama mwishoni ndio unalipia tiketi mpya ya kimataifa. Na katika hizo siku 16 wekeni nne ambazo hazina jina, hazina hosteli, hazina chochote. Nne najua zinauma. Zikibaki, mtazimalizia Brisbane au Noosa mkiogelea.

Kuna treni pia ya Brisbane mpaka Cairns, karibu saa 25, ila mafuriko yakija nayo inasimama kama basi, usiitegemee kama njia ya kuokoa jahazi.

Hela. Kila mtu na yake, alafu mfungue kibubu cha pamoja cha siku za mvua tu, usiku wa ziada wa hosteli, chakula cha siku mnazokwama, tiketi ikibidi kubadilishwa. Marafiki wengi hawagombani kwa mvua, wanagombana siku ya tatu ya mvua pale mmoja ameishiwa na mwenzake anataka kwenda kula nje. Bima ya safari ikatwe mapema sana, kwa sababu kimbunga kikishapewa jina kampuni nyingi za bima zinahesabu kwamba ulikuwa unajua, na hasara ya kimbunga hicho hazilipi. Tiketi za basi kateni zile zinazobadilika hata kama bei imezidi kidogo.

Kwenye simu uweke apu ya BOM, ndio idara ya hali ya hewa, usome asubuhi na jioni, na usiangalie mji uliopo tu bali na unapokwenda na milima iliyo juu yake. Barabara zilizofungwa ziko QLDTraffic, tovuti ya barabara ya serikali ya jimbo, au unapiga 13 19 40. Dharura ya maisha ni 000. Maji yakiwazunguka ila hakuna aliye hatarini hapo hapo ni SES, kikosi cha kusaidia watu wakati wa mafuriko na dhoruba, 132 500. Na intaneti ikikata, redio ya ABC, shirika la utangazaji la taifa, ya eneo husika ndio inatangaza, karedio kadogo ka betri kananunulika popote, kabebeni.

Begi. Lile koti la begi linalouzwa pamoja nalo haliwatoshi, maji yanaingia kwa mgongoni. Chukua mfuko mkubwa mnene wa plastiki, uweke NDANI ya begi, vitu vyote viingie humo, ufunge. Alafu muwe na seti moja ya nguo ambayo haitoki nje hata siku moja: tisheti, kaptula, soksi. Hiyo ni ya kulalia, ikiloa mmekwisha. Viatu msijaze, pea moja ya kufungwa na sendo za kamba, na jioni viatu vilivyoloa unavikandamizia magazeti makavu ndani, baada ya saa moja unayatoa yamelowa unaweka mengine, asubuhi vinavalika. Magazeti hosteli yapo. Na kila jiko la hosteli kule lina rafu ya vyakula vilivyoachwa na walioondoka, pasta, mchele, chumvi, mafuta, chukueni bila kuona haya, na nyie mkiondoka mtaacha.

Bahari mwezi wa pili sio ya kujirusha tu. Kuanzia Novemba mpaka Mei kuna viwavi vya baharini (jellyfish) vya hatari upande ule, kuna aina moja ndogo inaitwa Irukandji inaweza kuwa na ukubwa wa ukucha tu na inalaza mtu hospitali. Mtaogelea ndani ya wavu pale palipowekwa wavu, au mkiwa mmevaa lile vazi la kubana mwili mzima wanaloazimisha kwenye boti. Zile chupa za siki mtakazoziona zimening'inizwa ufukweni ni za kumwagia aliyeumwa. Na mto, mdomo wa mto, au dimbwi lililoachwa na mafuriko kule juu, usiguse, mamba. Boti ya kwenda visiwa vya Whitsundays msiiweke siku ya mwisho ya Airlie Beach, iweke siku ya kwanza, upepo ukiifuta mnabaki na siku ya pili na ya tatu ya kujaribu tena.

Alafu sasa niseme kitu ambacho watu wa huko Brisbane hawajakwambia. Kuna vitu mnaviona vizuri KWA SABABU ya mvua. Maporomoko ya Barron pale Kuranda, juu ya Cairns, wakati wa kiangazi ni mwamba mkubwa na uzi wa maji, februari ni mlima mzima unanguruma, unauhisi kifuani kabla hujauona. Wallaman karibu na Ingham yanashuka mita 268 kwa mruko mmoja, barabara ikiwa wazi msiyapite. Mashamba ya Atherton, kule nyanda za juu nyuma ya Cairns, yanakuwa kijani ambayo sijui niielezeeje. Na Tully, mji wenye mvua kweli kweli, wamejenga buti la mvua lenye urefu wa mita 7.9, sawasawa na mvua iliyonyesha pale mwaka 1950, milimita 7,900 kwa mwaka mmoja, na kuna ngazi ndani ya buti unapanda mpaka juu. Mpitishe rafiki yako hapo apande zile ngazi aihesabu mvua kwa miguu yake.

Mkikwama, kwameni kwenye mji wenye mambo, yani Townsville au Cairns, msikwamie kituo cha mafuta. Na siku ya kukwama mpeane nusu siku kila mtu kivyake. Mimi na mwenzangu siku ile ya nne, baada ya kurudi kutoka kwenye yale maji, yeye alikwenda kukaa maktaba mimi nikatembea ufukweni na mwavuli, tukakutana jioni jikoni nikamkuta ameshapika wali wa wote wawili. Hakuomba msamaha na mimi sikuomba. Ndege yake aliikosa, akakata nyingine, na bado tunasafiri wote.

La mwisho, kama mgeni wako anakuja na viza ya matembezi asije na mawazo ya kuchuma matunda shambani ili apate hela ya njiani. Wale vijana wa Ulaya mnaowasikia wanafanya hivyo wana viza nyingine ya likizo na kazi, na nchi zetu za Afrika Mashariki hazimo kwenye huo mpango.

SWALI: Dada habari. Mimi na mwenzangu tumeshalipia kutembea Overland Track huko Tasmania mwezi wa kumi na mbili, siku sita. Nimeona picha za watu wakiwa kwenye theluji Desemba! Mwenzangu anasema hiyo ni bahati mbaya ya watu wachache na hema hatuhitaji maana kuna vibanda njia nzima. Nimsikilize?
Msomaji, Melbourne

JIBU: Njema ndugu yangu. La hema hapana, usimsikilize. Njia ile ni kilomita 65 kutoka Cradle Mountain mpaka Lake St Clair, vibanda vipo kweli ila havikodishwi kitanda, vikijaa vimejaa, na sheria yao ni kila mtembeaji abebe hema. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote mle, hata Desemba, na kinachowapata watu zaidi ni mvua ya baridi na upepo, mwili unapoa taratibu mpaka mtu anaanza kuongea ovyo na kujikwaa na anakwambia yuko sawa. Mwangalieni mwenzako mikono: akishindwa kufunga zipu yake mwenyewe, hapo hapo mnasimama, nguo kavu, kitu cha moto, ndani ya hema.

Koti la mvua la kweli, suruali ya mvua, sweta za sufu, pamba muiache nyumbani maana ikiloa haikaukii mwilini.

Siku ya kwanza ndio ngumu kuliko zote na ndio iliyo wazi kwa upepo, mnaanzia Ronny Creek mnapanda Marions Lookout mpaka kwenye tambarare ya juu. Kabla ya kuanza pitieni ofisi ya wageni pale Cradle Mountain muulize utabiri wa siku hiyo, na mkishafika juu kuna kibanda kidogo cha kujikinga, Kitchen Hut. Ingieni humo, kuleni, muulizane kila mmoja anaonaje. Upepo ukiwa unawasukuma mkashindwa kusimama, mnarudi chini siku hiyo hiyo mlikotoka, njia mnaijua, na basi la ndani ya hifadhi linapita Ronny Creek.