Asilimia 81 ya rektifaya si unavyodhani

Mdogo wangu unayeanza kazi karakana za Katwe au Jinja, hapa Uganda, najua umetoka chuoni na namba mbili kichwani: rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa AC, unaobadili mwelekeo, kuwa DC, wa mwelekeo mmoja) ya nusu wimbi, ufanisi asilimia 40.6, ya wimbi kamili, 81.2. Namba ni sahihi. Ila wengi hudhani zile 19 zilizobaki zimegeuka joto, wakaanza kulaumu dayodi, kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, bure. Hesabu hiyo huchukulia dayodi haipotezi kitu na mzigo, yaani kifaa kinachotumia umeme huo, ni rezista tupu. Nguvu iliyobaki nayo hufika kwenye mzigo, ila kama mawimbi, si DC.

Joto lenyewe litafute hivi. Chaja ya betri inatoa ampea 20 kwa volti 14, yaani wati 280. Kwenye daraja la dayodi nne, mkondo hupita dayodi mbili kwa wakati mmoja, na kwa ampea hizo kila moja inaweza kula karibu volti 1. Wati 40 zimeishia kwenye alumini ya kupoozea! Daraja hilohilo kwenye volti 240, volti 2 hizo hazimsumbui mtu. Kwa hiyo penye volti ndogo na ampea nyingi, mimi hupendelea transfoma yenye waya wa katikati, mkondo upite dayodi moja tu. Lakini chagua dayodi inayohimili volti ya kinyume mara mbili ya kilele cha nusu koili, la sivyo itapasuka.

Kupunguza volti kwa thairista, dayodi ambayo haipitishi mkondo mpaka uiwashe, kunataka ujue mzigo wako kwanza. Ukichelewesha kuiwasha kwa digrii 60 za wimbi kwenye daraja la thairista nne, mzigo wa rezista hubaki na robo tatu ya wastani wa volti. Mzigo wa koili kubwa, ambao mkondo wake haukatiki, hubaki na nusu. Tena kadiri unavyochelewesha, pawafakta (sehemu ya umeme unaochukuliwa inayofanya kazi kweli) inashuka: transfoma inabeba ampea nyingi kwa kazi kidogo. Kama mteja anataka volti ndogo siku zote, badili tepu ya transfoma (sehemu ya koili unapochukulia volti), thairista ibaki na marekebisho madogo.

Wimbi lililokatwa hivyo usilipime AC kwa mita ya bei rahisi, itakudanganya. Tafuta inayosoma RMS halisi, yaani nguvu ya kweli ya volti au mkondo hata wimbi likiwa limekatwa. Na kapasita, kipande kinachohifadhi chaji, iliyochajiwa kutoka volti 240 hukaa na karibu volti 339 hata umeme ukizimwa. Itoe chaji kwa rezista, pima, ndipo uguse.