Kabla ya kununua katoni nzima: namna ya kupima loti ya risasi za .22 kwenye kiwanja cha shabaha

Watu wengi wanaonunua risasi za mashindano za .22 Long Rifle wanadhani wanalipia jina lililoandikwa juu ya bwati, kile kisanduku kidogo cha risasi. Kinachoamua matundu yataanguka wapi kwenye karatasi ni loti, yaani fungu la risasi zilizotengenezwa pamoja, linalotambulishwa kwa ile namba ndogo iliyopigwa kwenye ubavu au kwenye ulimi wa bwati. Loti mbili za Eley Tenex, au mbili za Lapua Center-X, zinaweza kupiga tofauti kabisa ndani ya mtutu mmoja. Na loti iliyokataliwa na mtutu wako inaweza kupendwa na mtutu wa mwenzako wa meza ya pili. Kampuni zenyewe zinalijua hilo. Eley na Lapua wana vituo ambako mpiga shabaha anapeleka bunduki yake, inafungwa kwenye mtambo usiotikisika, kisha zinajaribiwa loti moja baada ya nyingine kwa mita 50 hadi ipatikane inayomfaa.

Ukiwa Lubumbashi vituo hivyo viko mbali, na risasi si bidhaa ya kuongezwa dukani kila wiki. Sheria ya Kongo ya silaha na risasi ya 3 Septemba 1985, ile ordonnance-loi 85-035, inadai kibali, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepitisha risasi mpakani Kasumbalesa bila karatasi zake. Kwa hiyo fursa ya kuchagua inakuja mara chache. Mzigo wenye kibali unapofika, omba bwati chache za kila loti iliyopo, zipime, ndipo ununue katoni ya loti iliyoshinda. Ukianza na katoni, kupima kwako kutakuambia tu kama ulibahatika.

Chukua bwati mbili kwa kila loti. Bwati ina risasi 50: kumi za kuzoesha mtutu na 40 za karatasi, makundi manne ya risasi kumi kumi. Bwati ya pili ni ya kurudia siku nyingine, na utaihitaji.

Hizo kumi za mwanzo si za kupasha mtutu joto tu. Kichwa cha risasi ya .22 ni cha madini laini ya risasi, kimepakwa nta au mafuta, na kila kampuni ina mchanganyiko wake. Nta hiyo hujipaka ndani ya mtutu kuanzia kwenye chemba, pale risasi inapolala kabla ya kufyatuliwa, hadi mdomoni. Ukibadili kampuni, risasi za kwanza zinapita juu ya nta ya wenzao, na matundu yanatangatanga bila sababu unayoiona. Kutoka loti moja kwenda nyingine ya kampuni ileile, kumi zinatosha. Kutoka kampuni moja kwenda nyingine, piga 20 hadi 25 kwenye ukingo wa udongo kabla hujahesabu tundu hata moja. Risasi za ziada utazitoa kwenye bwati ya pili. Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika: mtu anapiga tano za aina hii, tano za aina ile, tano za nyingine, anarudi nyumbani akiamini ya tatu ni mbaya, kumbe aliyapima makoko ya nta ya ile ya pili.

Usisafishe mtutu katikati ya majaribio. Ukishausafisha unadai tena risasi kadhaa kabla haujatulia. Kitu cha kusafisha mapema, siku ya kabla, ni pete ya masizi inayojijenga mbele kidogo ya chemba, pale kichwa cha risasi kinapoingia kwenye mifereji ya ndani ya mtutu. Masizi yakiwa mazito, hata loti nzuri itaonekana mbovu.

Kabla ya kutoka nyumbani kaza skrubu zinazoshika chuma cha bunduki kwenye mti wake kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, na utumie ufunguo wenye kipimo. Kagua pia pete za luneti, ile darubini ya kulengea. Halafu angalia paralaksi. Luneti nyingi zilizotengenezwa kwa bunduki kubwa zimewekwa sawa kwa mita 100, kwa hiyo kwa mita 50 jicho likihama kidogo, msalaba nao unahama juu ya karatasi. Weka bunduki kwenye mifuko, usiiguse, sogeza kichwa juu na chini ukichungulia. Msalaba ukitembea, rekebisha kwa gurudumu la paralaksi kama lipo. Kama halipo, shavu lazima likae mahali palepale kila risasi, la sivyo unapima shingo yako.

Egemeza mbele kwenye mfuko wa mchanga, na nyuma kwenye mfuko mwingine chini ya tako la bunduki. Mchanga uwe mkavu na mfuko ujae vizuri. Tako liguse bega kwa uzito uleule kila mara. Wengine wanaiacha bunduki iteleze huru, wengine wanaikumbatia, na njia zote mbili zinafaa ilimradi usizichanganye ndani ya kundi moja. Mtutu wenyewe usiguse kitu chochote. Na sogeza luneti ili risasi zianguke sentimita tatu au nne pembeni ya alama unayolenga. Ukilenga na kutoboa palepale, baada ya risasi nne huna tena alama, unalenga shimo.

Upepo unadanganya kuliko kitu kingine chote. Risasi ya .22 ya mashindano inatoka kwa kasi ya takriban mita 325 kwa sekunde, na upepo wa pembeni wa mita tatu kwa sekunde, ambao usoni unausikia kama upepo mwanana, unaisukuma karibu sentimita moja na nusu kwa mita 50. Duara la kumi kwenye karatasi ya kimataifa ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Yaani upepo unaoupuuza unakutoa ndani ya kumi kabisa. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi kidogo kuliko pwani, kwa hiyo tunasukumwa pungufu kidogo, lakini usijifariji kwa hilo.

Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huamka jua likipanda. Kwa hiyo fika alfajiri, anza kupiga mara tu karatasi inapoonekana vizuri, na acha kabla vumbi halijaanza kutembea. Simamisha vijiti viwili, kimoja mita 10 mbele yako na kingine mita 30, kila kimoja na utepe wa kaseti ya zamani. Kile cha karibu kisidharauliwe: risasi iliyosukumwa mapema inaendelea kupotea hadi mwisho wa safari. Chagua hali moja, tuseme tepe zote mbili zinaelekea kulia kidogo, na piga katika hali hiyo peke yake. Zikibadilika, ondoa kidole kwenye kifyatulio na usubiri, lakini risasi isikae muda mrefu ndani ya chemba iliyopata joto. Itoe, ingiza nyingine. Mwezi wa kumi, jua linapochoma, weka bwati kivulini na zisiachwe kwenye gari: nta inalainika, na baruti yenye joto haisukumi sawa na ya asubuhi.

Kwa sababu ya upepo na uchovu, usipime loti A yote, halafu B yote, halafu C, ukaishia hapo. Kama ni za kampuni moja, piga kwanza kumi za kuzoesha za kila loti, kisha zipokezane: kundi la A, kundi la B, kundi la C, kisha rudia. Kama ni za kampuni tofauti, nta inakataza kupokezana, kwa hiyo piga A, B, C leo, na siku ya kurudia anza na C, B, A. Loti iliyoshinda kwa sababu ilipata saa nzuri ya asubuhi itajulikana.

Sasa idadi. Kundi la risasi tatu ndilo linalopendwa kupigwa picha na kutumwa kwa marafiki, na halina thamani ya kupima. Hesabu ya bahati iko hivi: risasi zilezile, bunduki ileile, ikiwa kwa wastani makundi ya tatu yana upana wa milimita 10, makundi ya tano yatakuwa karibu 13, na ya kumi karibu 16. Hakuna kilichoharibika; matundu mengi yanapata nafasi zaidi ya kutawanyika. Ndiyo maana usilinganishe kundi la risasi tano la mwenzako na la risasi kumi la kwako. Zaidi ya hapo, upana unaamuliwa na matundu mawili tu yaliyo mbali zaidi. Manane yaliyobaki hayasemi kitu.

Kipimo kinachotumia kila tundu ni umbali wa wastani kutoka katikati. Weka juu ya karatasi ya shabaha ile karatasi ya milimita ya wanafunzi, iwe ile inayoonyesha kilicho chini yake. Andika kila tundu liko milimita ngapi kulia au kushoto, na ngapi juu au chini. Wastani wa safu ya kwanza na wastani wa safu ya pili vinakupa katikati ya kundi. Kisha kwa kila tundu tafuta umbali wake hadi hapo: lililo milimita 4 kulia na 3 chini liko milimita 5 kutoka katikati. Jumlisha, gawanya kwa idadi. Simu yenye programu ya jedwali inamaliza kazi hiyo haraka.

Ukitaka pia upana wa kundi, pima kwa kaliperi ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, kisha toa kipenyo cha tundu moja. Usitoe 5.7 kwa sababu kichwa cha risasi kina upana huo. Karatasi hujikunja na tundu huonekana dogo zaidi. Pima tundu lililo peke yake kwenye karatasi hiyohiyo. Kama ni 5.4 na kundi ni 20.0, jibu ni 14.6. Tumia karatasi ngumu ya katoni, kwani ile ya daftari inachanika na kukupa tundu lenye meno.

Baada ya risasi 40 kwa kila loti, tofauti iliyo chini ya asilimia 10 ya umbali wa wastani ihesabu kama hakuna: chukua loti ya bei nafuu. Tofauti inayozidi asilimia 25 unaweza kuiamini. Iliyo katikati ndiyo kazi ya bwati ya pili.

Tundu lililokimbia mbali usilifute. Ruhusa ni moja: kama ulitamka kosa kabla ya kuchungulia, "nimevuta vibaya", basi weka alama na upige nyingine. Ukilisema baada ya kuliona, linabaki. Tundu moja la mbali katika kila risasi 20 ndiyo tabia halisi ya loti hiyo, na mashindanoni halitakuomba ruhusa.

Sura ya kundi nayo inasema. Likijinyoosha kulia na kushoto, tuhumu upepo kwanza, kisha kidole. Makundi mawili madogo yaliyotengana ndani ya risasi kumi mara nyingi ni skrubu iliyolegea au luneti, si risasi. Simamisha jaribio, kwa sababu kila unachopiga kuanzia hapo ni hasara. Likijinyoosha juu na chini, angalia mfuko wa nyuma na pumzi yako, halafu kasi. Kwa mita 50 risasi hii inashuka karibu sentimita 12 au 13 tangu itoke mtutuni, kwa hiyo mbili zilizotofautiana kasi kwa mita 10 kwa sekunde zinatengana milimita 7 au 8 kwenda chini. Hapo ndipo kipima kasi kina maana. Cha rada kinachokaa pembeni ni bora kuliko kile kinachofungwa kwenye mtutu, maana uzito ule unabadili mtikisiko na kuhamisha matundu. Ukiwa nacho, pima kasi peke yake na makundi peke yake. Eley huandika kasi ya loti kwenye bwati, lakini namba hiyo ni wastani. Haikuambii zinatofautiana kiasi gani.

Kuhusu risasi za .22 za kasi kubwa, zinazozidi kasi ya sauti: ziache kwa kazi nyingine. Kasi ya sauti ni takriban mita 337 kwa sekunde asubuhi ya nyuzi 10 na 351 mchana wa nyuzi 33. Zile zinaanza juu ya hapo na kushuka kupita mpaka huo njiani, na mtikisiko wa kuvuka unazitawanya. Za mashindano zimepunguzwa kasi makusudi zisivuke kamwe.

Bunduki nzuri iliyopata loti yake hubaki ndani ya milimita 15 kwa kundi la risasi kumi, kwa mita 50, makundi mengi. Ukiipata, andika namba ya loti, tarehe, joto, na idadi ya risasi tangu mtutu usafishwe, na ubandike karatasi zenyewe kwenye daftari. Katoni ihifadhiwe mahali pakavu na pa baridi, imefungwa kwa kufuli. Ukibadilisha mti, skrubu au luneti, usitupe loti: piga kwanza makundi mawili ya kumi ukilinganisha na karatasi za daftari, na yakiwa mapana kuliko zamani, rudi kwenye skrubu kabla hujailaumu risasi.