Jina la Mtu Si Lako Kulitoa

Mwanangu, baba yangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Unauliza kama babu yako, ambaye umebeba jina lake, alikuwa jasiri au mkaidi tu; maana wenzake wengi walikiri kiapo cha Mau Mau, wale waliopigana na Waingereza hapa Kenya, wakaachiliwa, wakarudi kulea watoto wao, naye akabaki kizuizini mpaka 1959.

Kukiri kiapo kungekuwa jambo la dakika moja. Lakini ukishasema "nilikula," karani alikuuliza: ulikula na nani? Nani alikulisha? Nyumbani kwa nani? Hapo ndipo babu yako alipofunga mdomo. Jina la mtu si lako kulitoa. Mmelisikia neno hilo tangu mkiwa wadogo, na mlidhani ni langu.

Siku waliyomchukua unaijua: 24 Aprili 1954, majeshi ya Waingereza yalipoizingira Nairobi. Hakuna aliyeulizwa alichofanya. Waliulizwa kabila. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakaketishwa chini, kisha wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya gakunia, mtu aliyevishwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, umekwisha. Bila shtaka, bila hakimu. Maelfu wakapelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani, na huko wakapangwa kwa rangi: weupe ni waliotubu, kijivu ni wa kati, weusi ni waliokataa. Fikiria, baba. Watu wote ni Waafrika, na bado mzungu alimpa rangi yetu yule aliyemwona mbaya zaidi. Babu yako alikuwa mweusi mpaka mwisho.

Sisi tulirudishwa Murang'a, kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, na handaki lenyewe nyanya yako alilichimba kwa mikono yake huku homugadi, Waafrika wenzetu waliolinda upande wa serikali, wakimsimamia. Hayo ameshawasimulia.

Ambalo hakuwasimulia ni la jioni moja, babu yako, yaani baba aliyenizaa, akiwa amerudi karibuni. Pale kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa waliokataa kufanya kazi walipigwa, wakafa 11. Serikali ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo ulipofichuka kambi zilizobaki zikafungwa, ndipo tukampata. Nilikuwa na miaka kumi. Akaja jirani mmoja kutusalimu. Baba akasimama, akampa kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye gogo. Akaniambia, "Mletee mzee chai." Nikaileta. Mikono ya yule mtu ilitetemeka mpaka chai ikamwagika magotini, na baba akaniambia nimwongezee. Nyanya yako alitoka nje, hakurudi ndani mpaka mgeni alipoondoka.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa mgonjwa, ndipo aliponiambia. Gunia lile lilifunika uso, halikufunika miguu, na miguu ile alikuwa ameijua tangu wakichunga mbuzi pamoja.

Kile kikombe bado kinaniuma, baba. Shamba letu la kule chini mtoni liligawiwa wengine wakati wa kupima ardhi, babu yako yuko kizuizini, na mimi nikamkaribisha chai mtu aliyempeleka huko! Wakati mwingine najiambia huenda walimtesa kwanza, huenda walimwambia watoto wake watalala njaa. Kisha najijibu: na sisi hatukuwa watoto? Hatukulala njaa? Halafu nawaza tena, mtu aliyeijua Manyani kuliko mimi ndiye aliyemwachia kiti, na mimi ni nani? Neno la kumwita yule mtu ninalo, limekaa kwenye ulimi wangu tangu siku aliponiambia. Nalimeza.

Mwaka 2013, Juni, Waingereza walipotamka bungeni kwao kwamba wanasikitika kwa dhati, na kukubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9, babu yako alikuwa ameshazikwa. Nilifurahi kwa ajili ya waliokuwa hai. Baadhi yao walikuwa wamesimama mahakamani London, katika umri ule, wakaeleza walivyofanywa kambini. Huo nao ni ujasiri, na hao walisema kwa sauti.

Ukaidi? Neno hilo ndilo lililokuwa la maafisa wa kambi. Wewe ukilitumia, lipime kwanza.

Umesema unataka kuandika habari zake kwa ajili ya wanao. Andika. Andika Manyani, andika handaki, andika na ile chai. Lakini jina la yule jirani hutalipata kwangu, ingawa wajukuu wake mnasalimiana nao mkija Krismasi, na moyo wangu wa kibinadamu unatamani sana ulijue. Babu yako alikaa miaka mitano bila kutaja la mtu. La huyu alilitaja kwangu peke yangu.

Mama yako.