Asali hurinwa, ng'ombe havunwi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Ngaramtoni, tuna mizinga yetu upande wa Mlima Meru. Tumeshavuna asali ya kwanza na sasa tunataka bango la barabarani. Katibu wetu anasema liandikwe "Kilimo cha Nyuki". Mweka hazina anataka "Ufugaji wa Nyuki". Kijana aliyetuchongea mizinga anatucheka wote wawili: anasema nyuki halimwi wala hafugwi, basi tuandike "Uzalishaji wa Asali". Tumebishana mpaka kikao kimevunjika. Tuandike lipi?

JIBU: Marahaba, mama. Mwambieni mchora mabango aandike UFUGAJI WA NYUKI. Akikosa nafasi aiache hiyo "wa", maana "ufugaji nyuki" ni Kiswahili sawasawa, kama vile "upandaji miti". Ndivyo inavyoitwa sheria yenyewe ya nchi, Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, na kabla yake ilikuwapo Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998. Mweka hazina ameshinda. Katibu alipe soda.

Nisimwonee katibu, hata hivyo. Hakulitunga yeye hilo "kilimo cha nyuki", ameliokota kwenye semina. Lina ukoo mrefu. Warumi walikuwa na kitenzi colere, maana yake kulima, kutunza na hata kuabudu, wakazaa humo neno cultura. Wazungu wa baadaye wakalichukua hilo cultura wakalibandika nyuma ya kila chenye uhai: nyuki, samaki, miti ya msituni, mizabibu. Mfasiri wetu akafika, akaona cultura, akakumbuka kwamba darasani aliambiwa ni kilimo, akaandika kilimo. Nyuki wakapewa jembe.

Wengine hawakuwa wavivu hivyo. Mwarabu husema tarbiyat an-nahl, yaani malezi ya nyuki, kwa neno lilelile analosemea malezi ya watoto. Mchina naye husema yangfeng, na hiyo yang ni kulisha na kulea. Mrusi ana pchelovodstvo, ambamo nyuki anaongozwa kama kundi linavyoongozwa malishoni. Mjerumani humwita mwenye mizinga Imker, jina la kale lililounganishwa kwa nyuki na chombo chake. Anayenifurahisha zaidi ni jirani yetu Mnyarwanda. Kilimo kwake ni ubuhinzi, ufugaji wa ng'ombe ni ubworozi, na kazi ya nyuki ni ubuvumvu: neno la tatu, lisilokopa kwa mkulima wala kwa mchungaji. Sisi hatuna neno kama hilo, basi tumemwazima mchungaji. Si aibu. Nyuki mwenyewe ni wetu tangu zamani (Mkikuyu humwita njũkĩ, Msukuma nzuki, Mchewa njuchi), ingawa asali yake tunaiita kwa Kiarabu. Lakini hata katika kuazima kuna adabu. Kulima ni kuivuruga ardhi ili iote kitu. Ukimlima nyuki atakujibu, na majibu yake mnayajua.

Nitakubali mambo mawili kabla hamjanituhumu ushupavu. "Kilimo cha mwani", wanavyosema Zanzibar, nakivumilia: pale kuna mbegu, kuna kufunga kwenye kamba, kuna kupalilia magugu ya baharini, basi jembe tu ndilo linalokosekana. Kilimo cha uyoga nacho kipite. "Kilimo cha kuku" sikubali hata nikikabidhiwa jogoo.

Huyo kijana wa mizinga ana hoja, ila ameifikisha mbali mno. Anasema nyuki hafugwi kwa sababu hafungwi, huja akipenda na kuhama akichukia. Kweli, na ndiyo maana wazee wa kazi hii husema "kutundika mizinga": unatundika, unasubiri, nyuki anaamua. Lakini Kiswahili hakijawahi kudai kwamba anayefugwa afungwe. Njiwa hufugwa, naye huruka asubuhi akarudi jioni, na siku nyingine akahamia kwa jirani. Watu hufuga ndevu, hufuga kucha, hufuga majini, hufuga maradhi mpaka yakawashinda. Kufuga ni kukipa kitu nafasi ya kukaa kwako na kukiacha kiendelee. Nyuki anaenea humo bila kubanwa. Ama "uzalishaji", sina ugomvi nao mkubwa. Zamani kuzalisha ilikuwa kazi ya mkunga, siku hizi tunazalisha mpaka umeme. Nyinyi hata hivyo mtauza na nta, na labda chavua, kwa hiyo bango la asali peke yake litawapunja.

Hapo nimemaliza swali lako. Sasa nirudi kwenye barua yako, mama, maana imebeba neno ambalo hukuliulizia na ndilo lililoninyima usingizi. Umeandika: "Tumeshavuna asali ya kwanza."

Asali hairuhusu kuvunwa. Asali hurinwa. Anayeirina ni mrina asali, nao wakiwa wengi ni warina asali, na kazi yao ni urinaji. Utasikia "kulina" pia. R na l zimekuwa zikipokezana tangu enzi, sizigombanishi. Mnyarwanda kwa kazi hiyohiyo ana guhakura, na mwenye sikio la lugha za Kibantu atasikia humo "pakua" yetu, ambayo sisi tumeihamishia kwenye sufuria la ubwabwa. Yaani Wabantu wamekuwa wakiitafutia kazi hii kitenzi chake kwa miaka mingi, halafu sisi tunakuja na mvuno!

Kuvuna ni kitenzi kizuri, nakipenda, Wazulu nao wanacho vilevile, ukuvuna. Kinahusu nafaka na jamaa zake: kitu ulichokipanda, kikaota, kikakomaa shambani, ukakikusanya kukipeleka ghalani. Nje ya hapo Kiswahili kilimpa kila mwenye kazi neno lake. Nenda Marangu au Machame uulize: kahawa huchumwa, mkungu wa ndizi hukatwa, maharage hung'olewa, viazi huchimbwa. Nazi huanguliwa, samaki huvuliwa, korosho huokotwa, mkonge hukatwa. Ng'ombe hukamwa (najua wengi wenu mnasema hukamuliwa, hilo tuliache kwa leo). Tembo hugemwa, na mgema ni mtu anayejulikana mpaka kwenye methali. Jaribuni kusema "mvuna tembo akisifiwa tembo hulitia maji" muone kama yupo atakayewasikiliza mpaka mwisho.

Sasa vitenzi vyote hivyo vinamezwa na kimoja. Lugha ya miradi ya Kizungu ina neno moja la mavuno inalolitumia kwa mahindi, kwa mbao, kwa mvua na kwa swala wa porini, na sisi tunalitafsiri kila mara kwa "kuvuna" kama vile kamusi yetu ina ukurasa mmoja. Mti haukatwi tena, unavunwa. Maji ya mvua, ambayo bibi zetu waliyakinga kwa mapipa chini ya bati, sasa ni "uvunaji wa maji ya mvua", na hapo mimi nimeshachoka. Kukinga ni neno la silabi tatu, mtoto wa darasa la kwanza analielewa, linakuonyesha na chombo kilivyowekwa. Lakini limeshaandikwa kwenye sera na limeshapigwa chapa kwenye matangi, nami sina nguvu za kupigana na matangi. Vuneni maji. Mimi nitakinga yangu kimyakimya.

Nisichoweza kukimeza ni hiki cha ng'ombe. Kila kiangazi kikinusa Longido na Monduli, redio hutangaza kwamba wafugaji wametakiwa "kuvuna mifugo". Hebu tulichukue hilo tangazo kama lilivyo. Kuvuna kunataka kwanza awepo aliyepanda. Nani alimpanda ng'ombe huyu, na kwa mvua za masika au za vuli? Kunataka kitu kimekomaa na kukauka. Ng'ombe wa kiangazi amekauka kweli, nakubali, ila si kwa maana hiyo. Baada ya kuvuna huja kupura na kupepeta. Ng'ombe anapurwa wapi? Makapi yake yako upande gani, kwenye pembe au kwato? Na mwaka unaofuata, mfugaji arudi palepale akute amechipua?

Mwenye tangazo atanijibu: Mwalimu, tunamaanisha wapunguze, wauze mapema au wachinje kabla malisho hayajaisha. Ahaa. Basi semeni wapunguze. Semeni wauze. Semeni wachinje. Vitenzi vitatu, vyote vya Kiswahili, vyote vinaeleweka Kisongo mnadani bila mkalimani. Nionavyo mimi, vinakwepwa kwa sababu vinaeleweka mno. Mtu akiambiwa "uza" atauliza kwa bei gani, na mwezi huo bei ni ya kutupa. Akiambiwa "punguza" atauliza kwa nini yeye. Akiambiwa "vuna", haulizi. Mavuno ni jambo la heri, watu huyaombea na kuyachezea ngoma. Ni kitenzi cha sherehe kilichovalishwa mtu anayemwuza mtamba wake mkondefu huku amegeuza uso. Hapo kosa si la sarufi peke yake.

Wala msiniambie kwamba wataalamu wa mifugo hawana maneno, ndiyo maana wanakopa kwa wakulima. Wanayo, tena mazuri. Hapo Usa River kuna kituo cha taifa cha uhimilishaji, yaani kumtia ng'ombe mimba bila dume kumpanda, ambako huandaliwa mbegu za madume bora. Uhimilishaji! Neno limetolewa kwenye mzizi wa Kiarabu wa kubeba mzigo na kubeba mimba, likavishwa viambishi vyetu, likakaa kama lilizaliwa Pangani. Angeweza mtu mvivu kuliita "kilimo cha ndama" akaenda zake nyumbani. Na mfugaji asiyekwenda Usa River anasema tu "nimempandisha ng'ombe wangu", akiwa na maana ya dume kumpanda jike. Hapo "kupanda" ni kule kwa kukwea, si kwa mbegu ardhini. Nalisema hili kabla hajatokea mjanja wa kuniambia kwamba basi aliyepandwa anaweza kuvunwa.

Kuna utetezi mmoja wa "kuvuna asali" ambao hunijia mara kwa mara kutoka kwa vijana waliosoma. Wanasema kurina ni kwa mzinga wa gogo: kukwea mti usiku na kienge cha moto, kufukiza moshi, kukata masega kwa kisu. Mzinga wa fremu, huu ambao mvumbuzi Langstroth aliupatia hataza Marekani mwaka 1852, unatoa fremu safi, unaiingiza kwenye mashine, asali inatoka na sega linabaki zima. Basi kazi mpya ipewe neno jipya. Ni hoja iliyovaa tai lakini haina viatu. Kwanza, kuvuna si neno jipya. Pili, kitenzi hakifuati chombo, kinafuata jambo. Tulipoacha jahazi tukapanda ndege hatukuacha kusafiri. Ukitoa asali mzingani mwa nyuki, umerina, uwe na kienge au na glavu za mpira.

Kwa hiyo nimepanga hukumu zangu kwa ngazi. Timu "ikivuna pointi tatu" sisemi kitu. Hiyo ni tamathali, msemaji anajua kwamba uwanjani hakuna mtama. Maji ya mvua nimeyasamehe kwa uchovu. Magogo nitayasamehe nikizeeka zaidi. Mifugo kamwe. Na asali, mama, ninawaomba nyinyi wenyewe, kwa sababu nyinyi ndio mnaoishika. Mwandishi wa habari akikosea anakosea kwa mbali. Mkikosea wenye mizinga, neno halina kwa kukimbilia.

Kuna jingine nawaongezea bila kuulizwa. Pale mahali mlipoipanga mizinga yenu msipaite "shamba la nyuki". Pana jina: manzuki. Linatumika kwenye nyaraka za serikali, wanalijua Tabora kwenye chuo cha ufugaji nyuki na wanalijua Njiro kwenye utafiti wa nyuki, na ndani yake unamsikia yule nzuki wa bara waziwazi. Liandikeni kwenye kibao kidogo cha langoni, "Manzuki", na chini yake onyo la kutosogea na mbwa. Katibu akilalamika kwamba wateja hawatalielewa, mwambieni wateja hawakuielewa "intaneti" pia, na leo wanainunua kila asubuhi.