Mashine pepe imekwama: kosa ni la nani?

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni fundi wa kompyuta katika chama cha ushirika cha wakulima wa korosho hapa Mtwara. Seva yetu ina mashine pepe tatu, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja. Zinaendeshwa na QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, ikisaidiwa na KVM ya Linux, nami ninazisimamia kwa libvirt, programu ya kuziwasha na kuzizima. Siku hizi nikitoa amri ya kuzima ile yenye hesabu za stakabadhi ghalani, amri hukwama, kisha huja kosa kwamba kufuli ya kubadili hali (state change lock) haikupatikana. Nimlaumu nani, libvirt au QEMU?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa hilo peke yake halimtaji mkosaji. Maana yake ni kwamba kuna kazi iliyotangulia ambayo bado imeshika kufuli ya mashine hiyo, yaani zamu ya kuibadilisha ambayo hushikwa na kazi moja kwa wakati mmoja, na mara nyingi kazi hiyo inasubiri jibu la QEMU. Libvirt huongea na QEMU kupitia soketi, yaani njia ya mawasiliano kati ya programu, kwa ujumbe wa JSON (maandishi yenye mpangilio maalumu) wa QMP, itifaki ya kuiamuru QEMU, na kila ombi hubeba namba yake, tuseme libvirt-42, ambayo QEMU huirudisha pamoja na jibu. Namba hiyo ndiyo ushahidi wako.

Washa logi, yaani kumbukumbu ya matukio, sasa mashine ikiwa nzima, kwa sababu ombi lililotumwa kabla ya kuiwasha halitaandikwa, na kufuli ikishakwama huenda maombi mapya yasitumwe kabisa. Katika faili la mipangilio la libvirtd.conf, au virtqemud.conf kwa mifumo mipya, andika:

log_filters="1:qemu.qemu_monitor"
log_outputs="1:file:/var/log/libvirt/monita.log"

Kisha anzisha upya huduma ya libvirt. Mashine pepe zitaendelea kufanya kazi. Punguza logi uchunguzi ukiisha, maana hukua haraka.

Tatizo likirudi, tafuta mstari wa QEMU_MONITOR_SEND_MSG, kisha QEMU_MONITOR_RECV_REPLY wenye namba ileile. Jibu likiwapo na kufuli bado imeshikwa, chunguza libvirt. Jibu lisipokuwapo, QEMU ndiyo iliyonyamaza, na hapo mimi huanza na diski: ikiwa amri ya ps, inayoorodhesha michakato, inaonyesha mchakato wa QEMU, au uzi wake mmoja (tawi la kazi ndani ya mchakato), uko katika hali D, yaani usingizi usiokatizwa, unasubiri hifadhi, hasa kama diski ya mashine iko kwenye NFS (hifadhi ya mafaili kupitia mtandao) na mtandao umekatika. Nakusihi usikimbilie kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu, kwa kuwa mchakato ulio katika hali hiyo kwa kawaida hauitikii, na hesabu za wakulima zinaweza kuharibika. Rejesha kwanza hifadhi.