Stata ikilia "tak" moja, pima waya kabla ya kununua stata

Usinunue! Ndugu yangu wa Toyota Premio, hiyo stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, usiilipie hata shilingi moja kwanza. Umesema asubuhi ukizungusha funguo gari inalia "tak" mara moja na kunyamaza, taa zinawaka vizuri, na fundi amekuambia stata imekufa, uende Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, uchukue ya mtumba. Amepima nini? Amesikiliza tu. Stata haipimwi kwa sikio, na mafundi wa namna hiyo wanawamalizia watu pesa kila siku.

Hiyo "tak" ni solenoidi inavuta, yaani swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Maana yake swichi, rilei na waya mdogo vinafanya kazi, achana navyo. Kinachobaki ni njia ya umeme mzito: betri, waya mnene, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi), au stata yenyewe. Stata ya injini ya petroli ya silinda 4 hula ampea 100 hadi 200 hivi. Ukinzani wa omu 0.02 tu, yaani kutu kidogo chini ya bolti, kwa ampea 150 unameza volti 3. Taa zinahitaji ampea chache, kwa hiyo zitawaka hata waya ukiwa mbovu, nawe utaapa kwamba umeme upo wa kutosha.

Tafuta multimita, iweke kwenye volti 20 DC. Gia iwe P, breki ya mkono juu, mtu ashike funguo kwenye kuwasha kwa sekunde 3 au 4. Pima kwanza kwenye vichwa vya betri vyenyewe, ile risasi, si kwenye tamino, vile vibano vya waya vilivyovishwa juu. Halafu rudia kwenye stata: nyekundu kwenye bolti ya waya mnene, nyeusi kwenye bodi ya stata.

Betri ikishuka chini ya 9.6, shughulika na betri kwanza. Iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi, ikisoma 12.0 iko karibu kuisha. Betri ikisoma 11 na stata ikasoma 7, volti 4 zimepotelea njiani, na stata mpya itakulilia "tak" ileile. Pande zote mbili zikibaki 12 na stata haizunguki, hapo ndipo kosa liko ndani ya stata.

Kama zinapotea njiani, anza na ethi. Nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, nyekundu kwenye bodi ya stata, funguo tena. Ikizidi 0.5, ule waya unaokwenda kwenye gia boksi na bodi umeoza kiungoni. Gari linalopita maji ya Bwaise, mtaa wa Kampala unaofurika, kila mvua huanzia hapo. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Upande wa chanya pima hivyohivyo, kuanzia kichwa cha betri hadi bolti ya stata.

Na hata kosa likiwa ndani, bado si lazima stata nzima. Stata nyingi za Denso kwenye Toyota huliwa vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi. Kimoja hubaki chembamba kama ukucha, solenoidi inapiga lakini umeme haupiti. Vinabadilishwa vyenyewe, pamoja na pistoni ya solenoidi ikiwa imechimbika. Angalia na kaboni, zile brashi za kupitisha umeme ndani ya stata, hapohapo. Wale wa kugonga stata kwa nyundo waambieni waache, zenye sumaku ndani hupasuka.

Mtaniambia nawaharibia wauza stata biashara. Haya, semeni, mradi mpime.

Ukilazimika kubadilisha: toa hasi ya betri kwanza, maana ule waya mnene hauna fyuzi, na spana ikigusa bodi inachomelea. Weka stata ya zamani na mpya pamoja, hesabu meno ya pinioni (gia ndogo ya mbele ya stata), linganisha matundu ya bolti. Ikiwa ya mtumba imepigwa rangi, ikwangue pale inapokutana na gia boksi, kwani ethi yake hupitia hapo. Nati ya waya mnene usiikaze kwa hasira, bolti yake huzunguka ikaharibu solenoidi.

Pima leo, ssebo, uandike hapa volti za betri na za stata wakati funguo imeshikwa.